Kalamu Iko Mikononi mwa Nani? Uhakiki wa Mafunzo ya Walimu katika Uandishi na Tahajia

Katika vyuo vyetu vya ualimu iko sentensi moja ambayo mwanachuo huisikia mapema na kuibeba hadi siku ya kustaafu: Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Sentensi hiyo hutolewa kama sifa ya lugha yetu, na kwa kiasi fulani ni sifa ya haki. Anayekijua Kiswahili hana haja ya kukariri tahajia ya neno moja moja kama anavyolazimika kufanya mtoto wa Kiingereza. Lakini sifa ikigeuzwa kuwa nadharia ya kufundishia, huzaa matendo. Na matendo yaliyozaliwa na sentensi hii ndiyo tunayokusudia kuyahakiki. Dai letu ni kwamba udhaifu wa maandishi katika shule za msingi za Tanzania hautokani kwanza na uvivu wa watoto, wala na uhaba wa madaftari, ingawa uhaba upo. Unatokana na mafunzo ya ualimu yaliyoichukulia tahajia kuwa ni jambo linalojifundisha lenyewe.

Swali la kwanza ambalo kada aliyezoea kupima maneno angeuliza ni hili: kinavyotamkwa na nani? Tahajia tunayoitumia ina historia yake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, ili vitabu vya shule viandikwe kwa namna moja. Watawala waliamua hivyo kwa haja zao. Sisi tuliurithi uamuzi huo, tukaugeuza kuwa chombo cha kujenga taifa, na tangu mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa na dhamana ya kuuendeleza. Hatudai ubomolewe. Tunasema tu kwamba herufi zetu ziliandikwa kwa kufuata mdomo wa Unguja, na watoto walio wengi katika nchi hii hawakuzaliwa na mdomo huo.

Mtoto aliyekulia Tarime katika Kikurya ana sauti ya r, lakini lugha ya mama yake haina l. Mtoto wa Kisukuma ana l, wala hana r inayosimama peke yake kubadili maana. Ukimwambia yule wa kwanza aandike kama anavyotamka, ataandika karamu akikusudia kalamu, na ukimwambia yule wa pili atakuandikia kalamu pale shuleni palipofanyika karamu. Wote wawili wamemtii mwalimu. Mahali na mahari, kula na kura, ni maneno tofauti kwa maana tofauti, na mtoto ambaye sikio lake halijazoezwa kuyatenganisha hana namna ya kuyatenganisha kwa kalamu. Vivyo hivyo kwa dh, th na gh, sauti zilizoingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu. Kwa wengi wa watoto wa bara dhahabu huwa zahabu, thelathini huwa selasini, shughuli huwa shuguli. Hapa pia mwalimu anayeijua lugha ya watoto wake angepata msaada asioutarajia: Kikurya kina sauti iliyo karibu sana na gh, hata kama huandikwa kwa g tu. Mtoto wa Tarime anayo gh mdomoni tangu utotoni; asichokuwa nacho ni mtu wa kumwambia kwamba ile ndiyo herufi anayohangaika nayo ubaoni.

Hayo ni makosa ya sauti. Yako mengine yasiyohusiana na lugha za mama hata kidogo. Mtoto huandika ni mekuja, ata soma, wa toto, kisha hapo hapo akaunganisha kwasababu na hatakama. Huandika chukuwa na sikiya, kwa sababu ulimi kweli hupitia w na y katika kutamka. Huandika mtu moja akiacha m ya pili ya mmoja. Huandika ngombe bila alama yake. Hakuna hata kosa moja kati ya haya linaloponywa kwa kumwambia mtoto asikilize anavyotamka, maana matamshi hayana nafasi kati ya neno na neno. Kujua kwamba ni- na -me- ni viungo vya neno moja ni ujuzi wa sarufi, na ujuzi wa sarufi lazima ufundishwe na mtu anayeujua.

Tuje kwenye herufi h, ambayo twaweza kuiita herufi ya kisiasa kuliko zote. Katika maeneo mengi ya nchi, hata mitaani Dar es Salaam, h hudondoka katika matamshi ya kila siku: uyu, apa, ilo. Kisha wale wale wanaoidondosha, wakijitahidi kusema vizuri, huipachika isipotakiwa, wakasema hasante na hasubuhi. Masikioni mambo haya hayana madhara makubwa, kwa kuwa anayesikiliza ana uso wa msemaji mbele yake, ana mkono wake unaokataa au kukubali. Katika maandishi hakuna uso. Na katika Kiswahili h ndiyo inayobeba kukanusha kwa mtu wa tatu. Atalipa na hatalipa hutofautishwa na herufi hiyo moja. Ana deni na hana deni hutofautishwa na herufi hiyo moja. Mkulima akipewa karatasi na chama chake cha msingi cha ushirika iliyoandikwa kwamba "ana deni", na mwandishi wake alikusudia "hana", ni nani atakayemtetea mwaka unaofuata, mwandishi akiwa amehama? Tena, weka pembeni amelipa na amelipwa. Herufi w ndiyo inayoamua kama mtu ametoa fedha au amezipokea.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu baadhi ya makada wetu hudhani tahajia ni urembo wa wasomi. Wanasema ilimradi ujumbe umefika. Lakini angalieni namna madaraka ya wananchi yalivyowekwa katika sheria zetu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Idhini hiyo huonekana wapi? Haionekani katika kumbukumbu za wazee, bali katika muhtasari. Anayeandika muhtasari ndiye anayesema kesho kile kilichoamuliwa jana. Mahali ambapo watu mia tatu wamehudhuria na watu watatu tu ndio wanaojiamini kushika kalamu, mamlaka ya mkutano yamekwisha kuhamia kwa hao watatu, hata kama hawana nia mbaya. Mwananchi anayeweza kusoma muhtasari lakini asiweze kuandika barua ya kuupinga amepewa nusu tu ya elimu, tena ile nusu ya kusikiliza.

Hii ndiyo sababu ya kuhoji mafunzo ya walimu kwa ukali. Hebu tuitazame historia yake kwa ufupi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989. Walimu walihitajika kwa makumi ya maelfu, na vyuo havikuweza kuwatoa. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa vijijini, wakafundishwa kwa njia ya posta na redio na kwa kusimamiwa na waratibu, huku wakifundisha madarasani kwa sehemu ya siku. Wenye kejeli wakaigeuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Kejeli hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, kwani aliyemaliza darasa la saba jana hakuwa na akiba kubwa ya kumpa aliye darasa la kwanza leo. Lakini waliokejeli hawakuangalia jambo moja. Mtu anayejifunza kwa posta hana njia ya kumjibu mwalimu wake isipokuwa kuandika. Mwanafunzi-mwalimu wa miaka ile, kwa ufinyu wote wa mafunzo yake, alilazimika kushika kalamu. Je, mwanachuo wa leo analazimika?

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002 hadi 2006 uliongeza tena shule na watoto kwa haraka, na mafunzo ya Daraja A yakapangwa kuwa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Ule mwaka wa shuleni ulitegemea kwamba mwalimu mwenyeji angemlea mgeni wake. Pale mwalimu mwenyeji alipokuwa na madarasa mawili yaliyofurika, malezi hayo yalikuwa ni salamu za asubuhi tu. Kisha mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ukaanza kujibiwa katika fomu zinazosahihishwa na mashine, kwa maswali ya kuchagua jibu, Hisabati ikiwamo. Baadaye maswali ya kujibu kwa kuandika yalirudishwa kwa kiasi, lakini kizazi kilikwishapita. Mtoto aliyetia weusi vijiduara mwaka 2012 sasa ni mtu mzima, na baadhi yao ni walimu. Baada ya hapo alikwenda sekondari, ambako kwa miaka minne aliandika masomo mengi kwa Kiingereza, au kwa usahihi zaidi, alinakili kwa Kiingereza. Huyu ndiye tunayemkabidhi chaki na kumwambia awafundishe watoto kuandika Kiswahili. "Elimu ya Kujitegemea" ya mwaka 1967 ilionya juu ya shule inayoishi kwa ajili ya mtihani. Hatukufikiri kwamba mtihani ungefika mahali pa kumwondolea mtoto hata sentensi.

Yatupasa kuwa waadilifu na kukiri yaliyofanyika vizuri. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 uliweka Kusoma, Kuandika na Kuhesabu mbele ya yote, na ulitokana na kilio cha haki kwamba watoto wanamaliza shule bila kujua kusoma. Walimu wa madarasa hayo walipewa mafunzo kwa maelfu, kupitia mpango wa LANES na miradi kama EQUIP-Tanzania na Tusome Pamoja, kila mmoja kwa mikoa yake. Mwalimu alifundishwa kutumia sauti ya herufi badala ya jina lake, na hiyo ilikuwa ni hatua mbele. Anayeanza na sauti m, a, ma hufika mbali kuliko anayeimba majina ya herufi.

Hata hivyo kati ya zile K tatu, K ya pili ilibaki kuwa ndugu maskini. Kusoma kulipimwa kwa idadi ya maneno ambayo mtoto huyatamka kwa dakika moja. Mpimaji alikuja na saa, akaondoka na tarakimu. Kuandika hakupimiki kwa saa. Na katika kazi zetu zote, si za elimu tu, kinachohesabiwa ndicho kinachotekelezwa. Ndani ya semina kuandika kukafasiriwa kuwa ni mwandiko, yaani namna ya kuumba herufi ili zikae juu ya mstari. Mwandiko ni jambo zuri. Lakini mtoto anaweza kuandika "ana deni" kwa herufi za kupendeza mno. Isitoshe, mafunzo mengi yalitolewa kwa mtindo wa ngazi: wa taifa humfundisha wa mkoa, wa mkoa humfundisha wa wilaya, wa wilaya humfundisha mwalimu mmoja atakayewafundisha wenzake shuleni. Yeyote aliyewahi kuendesha semina za siasa anaujua ugonjwa wa mtindo huu. Kinachofika chini ni vichwa vya habari.

Sasa tuingie chuoni kwenyewe. Mwanachuo hufundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kutengeneza zana, kupanga darasa katika makundi. Haya yote ni ya lazima. Lakini kazi zake za maandishi husahihishwa kwa hoja tu. Mkufunzi wa Saikolojia ya Elimu akikuta "wanafunzi wana taka kujifunza", huona si kazi yake kuligusa, kwani hiyo ni ya mkufunzi wa Kiswahili. Mkufunzi wa Kiswahili naye ana silabasi ya ngeli, methali na fasihi simulizi. Matokeo yake, mwanachuo aweza kumaliza mafunzo bila mtu yeyote kuwa amekaa naye, daftari mezani, akamwonyesha makosa yake mwenyewe ya tahajia na chanzo chake. Anatoka akiwa na cheti, na akiwa na zile l na r zake alizokuja nazo. Anaziandika ubaoni. Watoto themanini wanazinakili kwa uaminifu.

Mafunzo yanayostahili jina hilo yangeanza na mwanachuo mwenyewe. Wiki ya kwanza apewe imla, si ya kumwaibisha bali ya kumchunguza, kisha yeye mwenyewe ayapange makosa yake kwa chanzo: haya yametokana na sauti ya lugha yangu, haya na mgawanyo wa maneno, haya na herufi zinazoruka katika usemi wa haraka. Mtu aliyekwisha kuyaona makosa yake kwa jinsi hiyo hatamwambia mtoto "wewe ni mjinga". Baada ya hapo apewe madaftari halisi ya watoto yaliyotoka shule za jirani, na afanye nayo vivyo hivyo. Chuo cha Ualimu Butimba kiko Mwanza, Marangu iko Kilimanjaro, Mpwapwa iko Dodoma, Tukuyu iko Rungwe. Kila kimoja kimezungukwa na lugha zake na makosa yake. Kwa nini wanachuo wa mahali pote wafundishwe tahajia kwa kurasa zile zile, kana kwamba mtoto wa Rungwe na wa Moshi hukosea sawasawa?

Imla ni chombo kilichochakaa kwa kutumiwa vibaya. Upimaji wa darasa la nne umewahi kuwa na sehemu ya imla, na walimu wengi huijua kwa sura hiyo tu, ya mtihani: sentensi zinasomwa, alama zinatolewa, basi. Imla ya kufundishia ni kitu kingine. Ni maneno matano au sita, yaliyochaguliwa kwa kosa moja, kwa mfano hana, ana, hawana, wana, hatafika, atafika. Yanasomwa taratibu, watoto wanaandika, yanaandikwa ubaoni, kila mtoto analinganisha na kurekebisha lake papo hapo. Dakika kumi zinatosha. Kesho yake yanarudi ndani ya sentensi, na keshokutwa watoto wanatunga sentensi zao. Hakuna mashine wala fedha za wafadhili zinazohitajika hapo, ila mwalimu aliyefundishwa kuchagua maneno.

Hapa walimu hutujibu, na wana haki: darasa lina watoto themanini, nani atasahihisha? Tulifanye hesabu badala ya kulikwepa. Daftari moja likipewa dakika tatu, madaftari themanini ni dakika mia mbili na arobaini, saa nne nzima, baada ya vipindi vya siku. Hakuna binadamu atakayefanya hivyo kila siku, na anayemwamuru mwalimu afanye hivyo anamfundisha kudanganya. Ndiyo asili ya zile alama za vema zilizopigwa ukurasa mzima bila kusomwa. Kiwango kilichowekwa cha watoto arobaini na watano kwa mwalimu bado ni ndoto katika shule nyingi, hasa tangu ada na michango ilipoondolewa kuanzia 2016 na watoto wakafurika, jambo ambalo lilikuwa la haki kwao. Basi mafunzo yamfundishe mwalimu kusahihisha kwa kuchagua: madaftari kumi kwa siku kwa zamu, kosa moja kwa wiki, watoto wakibadilishana madaftari kwa kosa hilo moja walilofundishwa kulitambua. Mwalimu anayejua anatafuta nini hulitazama daftari kwa dakika moja. Asiyejua hulitazama kwa dakika tatu na haoni kitu.

Wapo wenzetu wengine, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu, wanaosema kwamba kusahihisha l na r ni kumdharau mtoto wa Kikurya au wa Kisukuma, na kwamba usanifu wenyewe ni masalia ya ukoloni. Tunaiheshimu nia yao. Lakini wao wenyewe huandika hoja hiyo kwa tahajia safi kabisa. Lugha ya mama haidhuriki mtoto anapojua kwamba iko hivi na Kiswahili kiko vile. Hudhurika anapochapwa viboko kwa sauti aliyorithi. Kinachotakiwa ni mwalimu anayezijua zote mbili kiasi cha kuonyesha mpaka. Wanaosingizia ujumbe wa simu nao tunawapita haraka: mtoto wa darasa la tatu kijijini hana simu, na tayari anaandika wa toto.

Limebaki suala la usimamizi. Wathibiti ubora wa shule wanapofika, jambo la kwanza huwa ni andalio la somo na azimio la kazi, maandishi ya mwalimu kwa ajili ya mkaguzi. Madaftari ya watoto huonwa kama muda ukibaki. Utaratibu huo ugeuzwe. Mthibiti achukue madaftari matano bila kuchagua, asome kurasa za mwezi mzima, kisha amwulize mwalimu ni kosa gani amelishughulikia na liko wapi sasa. Na kwa kuwa sera ya elimu katika toleo la 2023 imeamua kwamba ualimu wa shule ya msingi uanzie ngazi ya stashahada, vyuo vimepata muda zaidi na wanachuo wenye umri na msingi zaidi. Vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini navyo vinafanyika shuleni. Tungependa kuona katika ratiba ya vikao hivyo, angalau mara moja kwa mwezi, walimu wameketi na rundo la madaftari ya darasa la tatu katikati ya meza, bila mwezeshaji kutoka wilayani, wakiyapanga makosa kwa chanzo chake na kukubaliana ni maneno gani sita yataandikwa Jumatatu.